Tairi la Akiba Chini ya Vitu 43

Tairi la nyuma kushoto liliisha upepo saa kumi na mbili na robo jioni, mvua ya rasharasha ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Hapakuwa na kishindo. Usukani ulianza kuvuta upande, nikasikia ule mlio wa mpira unaolamba changarawe, nikaegesha. Mpwa wangu, ambaye huniita mjomba nami humwita mjomba, alishuka akiwa na tochi tayari mkononi. Ana tochi nne, huyu.

"Mjomba, kazi ya dakika kumi hii," akasema.

Gari langu ni la familia, lenye buti refu, halikuundwa kwa ajili ya milima. Tairi la akiba limelazwa chini ya sakafu ya buti, na juu ya sakafu hiyo siku hiyo palikuwa na kambi nzima: meza, viti vitatu (tulikuwa wawili), kasha la barafu, mahema mawili, turubai, sepetu, shoka, jiko la gesi na jiko jingine la akiba endapo la kwanza lingegoma. Tukaanza kushusha. Kila tulichoshusha tulikipanga ukingoni mwa barabara, na kwa kuwa mvua ilikuwa ikinyesha ilibidi tulitafute turubai ili tuvifunike, nalo turubai lilikuwa katikati ya rundo. Nilihesabu vitu kadiri vilivyotoka, kwa mazoea tu. Vilifika 43 kabla hatujaiona sakafu.

Kubadilisha tairi kulichukua robo saa. Kushusha na kupakia upya kulichukua saa nzima, gizani, na usiku ule tulilala kwenye matandiko yaliyolowa.

Kilichonikera zaidi ni nilichokikuta nilipolinyanyua tairi la akiba. Chini yake, kwenye kile kishimo, kulikuwa na kimfuko cha vifaa vya kuzibia pancha. Nilikinunua mwenyewe, nikakihifadhi mahali salama, nikakisahau. Na tairi lililotoboka lilikuwa na skurubu moja tu, imezama katikati ya uso wa mpira, si ubavuni. Tundu la namna ile huzibwa likiwa bado garini: unatoa skurubu, unasugua tundu, unasukumia uzi wa gundi, unajaza upepo. Kimfuko kingekuwa karibu, tusingelazimika kushusha hata mto.

Nilifanya kazi ya kutunza stoo kwa miaka 19. Ningemkuta kijana wa zamu kafukia kizimamoto nyuma ya marobota 43, ningempigia kelele mpaka jirani asikie. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelipakia gari vibaya kuliko kijana yeyote niliyewahi kumkaripia.

Tuliporudi nyumbani nilitandika turubai uani, nikashusha kila kitu: vya buti, vya kiti cha nyuma, vya kwenye keria. Nikachukua mizani ya bafuni. Mizani ile haisomi vizuri vitu vidogo, kwa hiyo unasimama juu yake mikono mitupu, unasoma, unasimama tena umekumbatia sanduku, unatoa. Mpwa wangu aliandika. Vilikuwa vitu 71 na uzito wake, pamoja na maji na keria yenyewe, ulikuwa kilo 212.

Ukifungua mlango wa dereva utakuta kibati au stika kwenye nguzo, na kitabu cha gari nacho kina ukurasa wake. Hapo pameandikwa uzito wa juu kabisa ambao gari linaruhusiwa kufikia likiwa limebeba kila kitu. Toa uzito wa gari tupu, unapata kiasi unachoruhusiwa kupakia, na humo abiria nao wamo. Watu hulisahau hili. Hudhani mzigo ni masanduku tu. Langu linaruhusiwa kilo 420. Mimi nina 81, mpwa wangu 68, jumla 149. Ukijumlisha na zile 212 unapata 361, tumebakiwa na nafasi. Lakini mwaka uliotangulia tulisafiri na mzigo uleule pamoja na dada yangu na shemeji, ambao kwa pamoja hawapungui kilo 140. Tulikuwa tumezidi kwa kilo 81, sawasawa na kumbeba mimi wa pili. Nikakumbuka jinsi taa za mbele zilivyokuwa zikimulika vilele vya miti badala ya barabara, kwa sababu nyuma kulikuwa kumebonyea. Nikakumbuka breki zilivyokuwa zikichelewa kushika. Wakati ule nililaumu mafundi.

Na kwenye stika hiyohiyo kuna safu mbili za upepo wa tairi, moja ya safari za kawaida na moja ya mzigo kamili. Ya pili kwa matairi ya nyuma mara nyingi huwa juu zaidi. Miaka yote hiyo nilijaza kwa safu ya kwanza.

Hapo ndipo nilipofungua leja. Mpwa wangu alicheka, akasema nimestaafu kazi lakini kazi haijanistaafu. Leja ilikuwa na safu nne: jina la kitu, uzito wake, mara ngapi kimetumika, na ya nne, ambayo ndiyo ninayotaka kuizungumzia: ni vitu vingapi vililazimika kuhamishwa ili kukifikia.

Maana katika safari zile sita zilizofuata, siku kumi na tisa kwa jumla, niligundua kwamba uzito wa vitu haukunichosha sana. Gari ndilo linalobeba. Bei nayo ilishalipwa zamani. Kilichokuwa kinakula jioni zangu ni kuhamisha. Unataka kibiriti, kimo kwenye sanduku la jiko, sanduku la jiko liko chini ya mfuko wa matandiko, mfuko uko nyuma ya viti, viti vimefungwa na mkanda. Unahamisha vitu vinne kwa ajili ya kijiti. Halafu unavirudisha. Halafu unakumbuka sufuria. Kuna jioni moja niliandika mihamisho 58 kati ya kuegesha na kulala, na hiyo ilikuwa jioni kavu, isiyo na pancha.

Wanaojadili vifaa vya kambi huuliza kitu kina uzito gani na kinagharimu nini. Mimi siku hizi nauliza kitakaa juu ya nini, na nini kitakaa juu yake.

Baada ya safari sita, vitu 29 kati ya 71 vilikuwa na sifuri kwenye safu ya matumizi. Mpwa wangu, ambaye kwa kawaida ndiye mpenda vifaa, akageuka mkali ghafla: "Vyote nje, mjomba!" Nikamwambia subiri. Stoo yoyote ina bidhaa zisizotembea na ina bidhaa za dharura, na kwenye karatasi zinafanana kabisa, zote sifuri. Tofauti ni nini kitatokea siku utakapozihitaji na huna. Kati ya zile 29 nilirudisha tano: kisanduku cha huduma ya kwanza, kizimamoto, kamba ya kuvutia gari, nyaya za kuamshia betri, na kile kimfuko cha pancha. Vitu hivyo vitano havifiki kilo kumi. Vinakaa pembeni mwa buti, mahali ambapo mkono unafika ukiwa umefungua mlango tu, safu ya nne ni sifuri, na hapo sina mjadala na mtu.

Nyingine 24 zilibaki stoo. Shoka, ambalo halikuwahi kukata kitu. Jiko la akiba. Kiti cha tatu. Taa kubwa ya kuning'iniza iliyokuwa inaalika kila mdudu wa wilaya. Seti ya spana 94, wakati injini ya gari langu imefunikwa kwa plastiki na mimi si fundi. Nilibakiza bisibisi, koleo la kushikia, spana mbili na kijitepu cha umeme. Msumeno. Kitanda cha kamba cha kuning'iniza mitini, ambacho kilihitaji miti miwili yenye nafasi sahihi kati yake, na miti haikuumbwa kwa vipimo vyangu.

Vingine 13 vilikuwa vimetumika mara moja au mbili, lakini kwa kazi ambayo kitu kingine kingeifanya. Sahani sita za ukubwa mbalimbali. Birika, wakati sufuria ndogo yenye mfuniko inachemsha maji yaleyale. Kati ya hivyo niliondoa 11, nikabaki na vitu 36, kilo 94 pamoja na maji. Keria nimeifungua kabisa.

Hiyo keria niizungumzie kidogo. Kitabu cha gari langu kinaruhusu kilo 60 tu juu ya paa gari likitembea, na humo keria yenyewe inahesabiwa. Keria na boksi lake zilikuwa kilo 30. Juu yake nilikuwa nikifunga madumu mawili ya maji ya lita 20, na lita moja ya maji ni kilo moja, haina punguzo. Ongeza plastiki ya madumu yenyewe na tayari nilikuwa nimepita kilo 70, tena ya kitu kinachotikisika, sehemu ya juu kabisa ya gari, ambako ndiko kunakolifanya liyumbe kwenye kona na upepo wa ubavuni. Nilifanya hivyo kwa sababu buti lilikuwa limejaa viti.

Watu wenye mahema ya juu ya paa hunijibu kwamba wao wanalala huko watu wawili, mbona paa halivunjiki? Ni kweli, na hesabu ni tofauti. Gari likisimama paa linabeba uzito unaokaa kimya. Likitembea, kila shimo na kila breki inauzidisha. Ndiyo maana kiwango cha gari linapotembea ni kidogo kuliko paa linavyoweza kubeba likiwa limeegeshwa. Hema lenyewe la aina hiyo mara nyingi ni kati ya kilo 50 na 80, kwa hiyo anza kwa kusoma kitabu kabla ya kusoma tangazo. Mimi binafsi sina ugomvi nalo ila kwa jambo moja: ukitaka kwenda na gari kuchota maji, unakunja kitanda kwanza. Hapo safu ya nne ya leja yangu inapandisha homa.

Nilale wapi basi? Ndani. Viti vya nyuma vinalala, napata nafasi ya sentimita 175 nami nina 178, kwa hiyo nalala mshazari. Kati ya kiti kilicholala na sakafu ya buti pana ngazi ya kama kiganja, naijaza kwa mfuko wa nguo. Mpwa wangu hulala kwenye hema dogo hatua ishirini kutoka kwangu, kwa sababu ya mkoromo. Wa nani, tumekubaliana tusiseme.

Kwenye usingizi sijapunguza kitu, nimeongeza. Hapa ndipo ningemwambia mtu yeyote anayeanza amalizie bidii yake yote. Nilianza na godoro la kujaza upepo, nene, linalopendeza, na nikawa naamka saa tisa usiku mgongo umekuwa barafu huku blanketi mbili ziko juu yangu. Sikuelewa kwa muda mrefu. Hewa iliyomo ndani ya godoro la namna ile inazunguka: inachukua joto la mwili inalipeleka chini, inarudi baridi. Na blanketi au mfuko wa kulalia sehemu uliyoilalia imekandamizwa, haina tena hewa ndani yake ya kutunza joto. Baridi ya usiku inatoka chini kuliko inavyotoka juu. Siku hizi nina sponji ya sentimita nane, na chini yake mkeka wa povu lile gumu lenye vijiseli vilivyofungwa, mwepesi kama karatasi. Godoro la upepo lilikwenda kwa jirani mwenye wageni wengi.

Kingine cha usingizi hakinunuliwi: usawa. Laza chupa ya maji nusu kwenye sakafu ya buti, utaona inakobingirikia. Sogeza gari mpaka itulie, au weka vipande viwili vya mbao chini ya gurudumu. Ikishindikana, kichwa kikae upande wa juu. Nimeona watu wenye droo za mbao za kutelezesha, zulia, pazia na taa za rangi, wakilala usiku kucha wanateleza kuelekea mlangoni.

Na madirisha. Mtu aliyelala anatoa mvuke usiku mzima kwa pumzi na jasho, na ndani ya gari lililofungwa mvuke huo unakwenda kwenye vioo, kisha kwenye dari, kisha kwenye paji la uso wako. Fungua vidole viwili upande huu na vidole viwili upande wa pili ili hewa ipite, weka kitambaa cha chandarua juu ya uwazi. Usikubali kishawishi cha kuwasha jiko ndani ili upate joto, wala cha kulala injini ikiunguruma. Gesi ya monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi, na mtu hasinzii akijua. Hili sitalipamba.

Upishi niupite haraka. Jiko moja la gesi, sufuria mbili zinazoingiana, kisu, vijiko, sahani mbili, vikombe viwili. Kuchemsha lita moja ya maji kunakula gramu 15 hivi za gesi kama upepo haupigi, kwa hiyo kopo dogo la gramu 230 linatosha watu wawili siku mbili au tatu na kubaki. Kwa majiko ambayo kopo limo chini ya moto, usilizungushie bati la kukinga upepo pande zote, kopo litapata joto na kupasuka. Kama asubuhi ya baridi kali moto wako unafifia wakati kopo bado zito, huenda ni gesi ya butani tupu: ikikaribia nyuzi 0 inagoma kugeuka mvuke. Ile iliyochanganywa na propani inaendelea. Nililala na kopo kwenye kona ya blanketi safari moja, si ndani ya gari lenye moto wowote bila shaka, na asubuhi likawaka kama kawaida.

Sasa umeme, ambao ndio ugomvi wetu wa kudumu na mpwa wangu.

Yeye alitaka friji ya gari, ile yenye kompresa, ya lita 40. Nikamwambia tukae tupige hesabu. Friji ya namna hiyo ikipiga kazi inakula wati 45 hivi, inawaka na kuzima, na kwa siku nzima ya joto hutumia kama ampea-saa 30 hadi 40 (ampea moja ikivutwa kwa saa moja ndiyo ampea-saa). Betri ya kuwashia gari haikutengenezwa kunyonywa hivyo; ukifanya siku mbili, asubuhi ya tatu utazihitaji zile nyaya. Kwa hiyo unahitaji betri ya pili. Betri ya kawaida ya risasi na asidi ya ampea-saa 100 unaitumia nusu tu ukitaka ikae, na inakaribia kilo 30. Ya lithiamu ni nyepesi nusu yake na inatumika karibu yote, ila nyingi hazitakiwi kuchajiwa penye baridi ya chini ya nyuzi 0, na bei yake inakaza mkono. Kisha betri ya pili inataka chaja au paneli ya sola, sola inataka kidhibiti chake, vyote vinataka nyaya nene na fyuzi, na fyuzi zinataka boksi. Umetaka maji baridi, umezaa ukoo.

"Lakini mjomba, tukishakuwa na betri tunaweza kuweka na inveta, tukachemsha maji kwa birika la umeme."

Birika la wati 1200 kwenye mfumo wa volti 12 linavuta ampea 100, kabla ya kuhesabu kinachopotea kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Fyuzi ya tundu la kuwashia sigara kwenye gari kwa kawaida ni ya ampea kati ya 10 na 20. Nilimwandikia hesabu hiyo kwenye leja. Akainyamazia.

Tunachofanya kwa safari ya siku mbili au tatu ni kugandisha chupa za maji za lita moja na nusu, nne, na kuzipanga kwenye kasha lenye ukuta mnene. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inameza joto la kilojuli 334, na bonge kubwa linayeyuka polepole kuliko vipande vidogo kwa sababu uso wake ni mdogo kwa ujazo wake. Zikishayeyuka tunazinywa. Ukifungua kasha mara chache na kuliweka kivulini, asubuhi ya siku ya tatu bado kuna kipande kinagongana ndani ya chupa. Ila lazima niseme ukweli: kama unakwenda wiki nzima kwenye joto, au kuna mtu mwenye insulini au dawa nyingine inayohitaji ubaridi, friji ni ya haki kabisa, na huo ukoo wake uukubali wote.

Kwa simu na taa za kichwani tunachukua pawabenki moja, tunaichaji gari linapotembea. Tochi zake nne zimekuwa moja. Alidai mbili, tukakubaliana kwamba simu ni ya pili.

Maji ndiyo kitu kizito ambacho sipunguzi. Lita nne kwa mtu kwa siku, za kunywa na kupikia, ni kipimo kizuri pa kuanzia. Joto likizidi unaongeza. Dumu la lita 20 linakaa chini, limebanwa na mgongo wa kiti cha mbele, limefungwa mkanda. Kitu kizito kiwe chini na katikati ya magurudumu, na kisiachwe huru, kwa sababu ukishika breki ya ghafla gari linasimama na dumu haliambiwi.

Kuna hadithi ya kweli ninayoipenda. Kati ya mwaka 1915 na 1924, Henry Ford, Thomas Edison na Harvey Firestone, yule wa matairi, walikuwa wakisafiri kwa magari na kupiga kambi wakati wa kiangazi, pamoja na mwandishi wa mambo ya asili John Burroughs hadi alipofariki mwaka 1921. Walijiita wazururaji. Safari ya mwaka 1919 ilikuwa na msafara wa magari 50, mojawapo limegeuzwa jiko zima lenye kabati la barafu, na mahema yalikuwa na taa za umeme kwa betri za Edison. Mpwa wangu aliposikia akasema, "Umeona? Hata Edison alibeba betri." Nikamwambia Edison hakubeba. Kulikuwa na wapishi na madereva. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na safu yao ya nne ilijazwa na wengine.

Nimekosea pia upande wa pili. Safari ya saba nilijiona fundi wa kupunguza, nikaacha meza. Ile meza ya kukunja ni kilo tano na nilikuwa nimeiona ni anasa: si una buti, si una sanduku? Siku mbili za kukata vitu nimechuchumaa, kikombe kikipinduka kila mtu akipita, mgongo wangu ukaandika barua ya malalamiko. Meza imerudi. Inalala wima kando ya godoro, haiguswi na kitu na haigusi kitu. Kiti kizuri chenye mgongo sijawahi kukiacha hata mara moja, na sitajaribu, hata mtu akiniletea mizani.

Ninavyopakia sasa: masanduku mawili tu, moja la jiko na moja la zana na vikorokoro, yamekaa ubavu kwa ubavu mlangoni mwa buti. Hakuna kinachowekwa juu ya mfuniko wa sanduku. Kinachotumika kwanza ukifika, ambacho kwetu ni turubai na taa, kinapakiwa mwisho. Usiku masanduku yote mawili yanashuka chini ya gari, yamefungwa vizuri, kitanda kinafunguka kwa mara moja. Jioni ya mwisho niliandika mihamisho sita. Na sakafu ya buti inanyanyuka ukishashusha masanduku mawili na kukunja godoro. Nimejaribu, dakika tatu na nusu, tairi la akiba mkononi. Nimelijaza upepo pia, maana lile la siku ya mvua lilikuwa nusu tupu, jambo nililolificha huko juu kwa aibu.

Kila ninapoondoa kitu kuna mtu huniambia akiba haiozi. Mimi niliyekaa stoo miaka 19 nimeiona ikioza. Mipira inakauka na kupasuka, betri za tochi zinavuja unga mweupe, gundi ya pancha inageuka jiwe ndani ya tyubu. Ile yangu niliyoikuta chini ya tairi, nilipoijaribu uani, haikutoka hata tone. Kwa hiyo hata ningekumbuka ilipo, ile jioni tungelishusha tairi tu. Nimenunua nyingine na kuandika tarehe juu yake.

Mpwa wangu mwezi uliopita amenunua gari lake mwenyewe, lenye paa refu na keria iliyokuja nalo. Tulipatana tuondoke Ijumaa saa nne asubuhi. Saa nne na nusu alinipigia, akasema anamalizia kufunga vitu vichache. Nikamuuliza vingapi.

"Mjomba, usianze," akasema.

Nilishusha masanduku yangu mawili, nikafungua godoro, nikafungua madirisha vidole viwili kila upande, nikalala. Aliniamsha saa saba.